Jina Letu Ni la Mto

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo, Dar es Salaam.
9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Sitara,

Shikamoo. Habari za Maskati, na mgongo unaendeleaje? Sisi miili ni mizima, alhamdulillahi, ila vichwa vimevurugika. Kaa kwanza, Shangazi, ndipo usome.

Unajua Baba alivyochoka kuulizwa kwa nini kibao cha duka kimeandikwa "Saale" badala ya "Salehe". Sote tuliamini karani wa zamani alikosea. Jumanne akamwita mchoraji arekebishe.

Mchoraji yuko juu ya ngazi, akasimama mama mmoja wa Kijerumani aliyekuja kununua khanga akiwa na mwenyeji wake, Isidori. Akakikodolea macho kibao, akatoa pasipoti. Shangazi, jina lake la ukoo ni Saale! A mbili vilevile!

Isidori akatufasiria. Saale ni mto wa kwao. Jina lenyewe la kale mno: wataalamu wengine husema maana yake ni maji yanayotiririka tu, wengine wanalihusisha na chumvi, maana huko kuna chemchemi za chumvi. Waliotoka kandokando ya mto wakaitwa hivyo, likawa jina la ukoo.

Baba akacheka, akamgeukia Bibi aliyekaa kwenye robota la vitambaa.

"Mama, umesikia vituko?"

Bibi hakucheka. "Si vituko, Abdulkadiri. Babu yako alikuwa mtoto wa Mjerumani."

Bibi akaeleza taratibu. Yule Mjerumani alirudi kwao mtoto hajaanza kutambaa, na hakuleta hata salamu. Mama wa mtoto, Kuruthumu, akampa mwanawe jina la huyo baba ili asije mtu akasema hana baba. Akamlea peke yake kwa kukaanga samaki. Mtoto huyo alipokuwa mzee, akamwapisha Bibi, mkwewe, asiseme.

Baba aliketi sakafuni, jasho linamtoka. Akamwambia mchoraji ashuke. Kisha akauliza, "Huyo Kuruthumu mbona hatukuwahi hata kumrehemu kwa jina?" Isidori alipomfasiria, yule mama wa Kijerumani akalia.

Jana Bibi alituongoza makaburini. Kaburi la Kuruthumu limezama, halina hata jiwe. Baba akachuchumaa, akaanza dua, akashindwa kuimaliza. Ilibidi niimalizie mimi. Sijawahi kumwona Baba hivyo, Shangazi. Mpigie simu, wewe ndiye dada yake.

Msalimie Mjomba Haruna, na mbusu Fatuma. Mungu akuhifadhi huko uliko.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Husna