Hodi kwa Neema

Makere, Jumanne, 1974

Hata sufuria wameikomba! Kamati ya kijiji ilikuja leo kuamua kama mdogo wangu Neema, ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili, anaweza kuishi peke yake katika nyumba aliyojengewa jirani na yangu. Wakala maharage yake ya mawese, kisha wakamwambia angoje nje, mvuani, ili wabishane kama anajua kupika. Mwenyekiti aliomba aongezewe sahani, eti apate uhakika.

Mimi niliwaambia hawezi. Moto utamshinda, walevi watamsumbua. Nahofia hayo kweli. Nahofia pia nyumba yangu itakavyokuwa kimya bila yeye.

Wakakubali akae kwake.

Walipoondoka niliingia kuosha vyombo vyake, kama nilivyozoea.

"Dada, hujapiga hodi."

"Neema, si ni mimi?"

"Toka kwanza."

Nikatoka. Mvua ileile. Nikapiga hodi. Nikamsikia anaimba huku anasugua sufuria.

"Hodi, Neema! Nalowa!"

"Ngoja hapohapo, dada. Kamati bado haijaamua."