Usije na Koti Jeupe

Olbalbal

Kaka yangu mpendwa Lemayian,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kile kikohozi cha vumbi la Karatu kimekuachia. Na shemeji Eva hajambo? Huku tunapumua, ila ng'ombe wanafuata maji mbali. Nimeona niandike, kwa maana simu ya mume wangu ikilia boma zima hunyamaza kusikiliza.

Tumesikia unaletwa kuwa daktari kwenye zahanati ya huku. Wazee wamefurahi. Mama mkwe peke yake alicheka, akasema mtoto wa Kimaasai akishavaa koti jeupe husahau hata kusalimia.

Usimkasirikie. Unajua tulimpoteza mke mwenzangu Nareyu, yule aliyekutania kwamba ukiendelea kuwasomea ng'ombe vitabu, wao ndio watakaofaulu. Lakini hukuambiwa yote. Mimba yake ilipokua alinyimwa maziwa na nyama, kama desturi yetu, ili mtoto awe mdogo, atoke kwa urahisi. Akazimia. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari waliyemkuta alikuwa kijana wa kwetu, kama wewe. Hakumwamkia mama mkwe. Alimsemesha Kiswahili kana kwamba Kimaa, lugha yetu, hakijui, akamwambia mbele ya watu kuwa mabibi kama yeye ndio wanaoua wanawake. Wauguzi wakacheka. Mama mkwe alimshika Nareyu mkono, wakarudi nyumbani. Uchungu ulipomjia, hakuna aliyethubutu kutaja hospitali. Alitokwa damu mpaka akanyamaza. Shanga alizokuwa akizitunga bado zimo kwenye uzi, hazijafika nusu.

Mama mkwe si mbaya, kaka. Alipokuwa msichana aliona dada yake akifa na mtoto mkubwa tumboni. Anaogopa tu.

Basi msalimie kwa lugha yetu. Kunywa maziwa atakayokupa, muulize habari za ndama wake, msikilize habari ya dada yake mpaka mwisho. Ndipo umwambie unachokijua. Ukianza kwa kumkaripia, hata ukiwa na haki, atanifungia njia.

Ndiyo, atanifungia mimi. Nina mimba, kaka, nayo imeshaonekana. Tangu juzi kibuyu cha maziwa kinanipita kwenda kwa wengine, na jana niliona giza nikiteka maji. Ninaogopa kufa kama Nareyu, na kuja kwako nako ninakuogopa.

Njoo upesi. Lakini ukifika, usiingie kwangu kwanza. Ingia kwake.

Watoto wanakusalimu, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,
Nasieku