Kufuli la Kompyuta ya Butiama

Jumatatu, 10 Machi
Masasisho ya kompyuta tena. Nakaa hapa ofisini Iringo, vidole ndivyo vinasafiri mtandaoni. Mashine za vituo vya afya vya Musoma nimemaliza asubuhi, za Bunda baada ya chakula. Zote zimewaka. Butiama imeleta ubishi: ile sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia imejaa matoleo ya zamani ya Linux, mfumo unaoiendesha. Nimeyafuta yote, jipya lijiandike jioni kliniki ikiisha. Ningebakiza moja la akiba. Nilikuwa nimechoka. Nyumbani Nyakato nimelala na viatu.

Jumanne, 11 Machi
Butiama haiwaki. Sister Nyangeta, nesi mkuu wa kituo, kapiga simu sijanywa hata chai. Jana jioni wingu lilitanda, akachomoa kila kitu ukutani kabla radi haijaanza. Nitamlaumu vipi? Mimi mwenyewe wingu likitanda nachomoa hadi redio. Aliyepanga kusasisha jioni, tena masika, ni mimi.

Toleo jipya limeandikwa nusu. Mashine inakagua sahihi, ule muhuri wa kidijitali, ya kile inachotaka kukiwasha, inaona haijatimia, inakataa. Ndivyo nilivyoiwekea. La akiba halipo.

Keshokutwa ni kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kompyuta ile ndiyo inajua nani anatumia dawa ipi, vipimo vyake vinasemaje. Sister anasema wengi si wa Butiama. Wanatoka Musoma na Bunda, wanaviruka vituo vya kwao, wasikutane na anayewajua. Siri yao iko kwenye diski ile. Kufuli niliweka mimi.

Jumatano, 12 Machi
Siku mbaya. Nimefika Butiama, flashi yangu ya uokoaji, ya kuwashia mashine iliyogoma, imekataliwa. Ni ya zamani, na masasisho ya mwezi uliopita yalizifuta sahihi za zamani. Nimejifungia nje ya nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Mlinzi wa kituo, kwa nia njema, alikuwa amemwita fundi wa sokoni. Fundi akataka kuing'oa diski aende nayo dukani kwake. Sister akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hii kitu haitokagi hapa. Hata ungekuwa nani." Fundi akafunga begi lake.

Bosi naye kwenye simu: "Zima hiyo Secure Boot iwake, watu wahudumiwe. Kwani Butiama nani ataiba?" Nikamweleza. Ulinzi ule wa kukagua sahihi ukizimwa, yeyote mwenye flashi anaweza kuweka kitu chake kiwake kwanza, kikanasa nywila ya diski, na hakuna atakayejua. Kanijibu kwamba mimi mbishi. Ni kweli. Kesho saa nne ikiwa haijawaka, atamtuma mwingine aje kuizima.

Nikaenda Bunda, kwenye mashine iliyosasishwa salama, kutengeneza flashi mpya. Mtandao unatambaa kama konokono. Nalala gesti. Mgongo unauma. Leo naichukia kazi hii.

Alhamisi, 13 Machi
Imewaka.

Nilifika benchi la nje halijajaa. Flashi mpya imekubaliwa bila kuzima ulinzi wowote. Nikafungua diski kwa nywila, nikaandika toleo jipya upya, na safari hii la akiba pembeni. Nikazima. Nikawasha. Mistari ikashuka, ukurasa wa Sister ukatokea. Machozi yalinilengalenga, kwa uchovu tu.

Nikatoka mlangoni kumwita Sister. Kwenye benchi, Chacha. Mdogo wangu, tumbo moja. Anaishi Nyasho, kule Musoma, na kituo cha afya kipo karibu na kwake. Hakuna aliyenieleza, nikaelewa.

Aliniona. Akainuka, akaanza kwenda getini. Bila dawa.

Kumwita nisingeweza. Kumfuata ndiyo kabisa. Nikamwambia Sister kwa sauti, benchi zima lisikie mpaka getini, kwamba nimemaliza, naondoka, na faili la mtu sijafungua hata moja. Kisha nikapita mlango wa nyuma, nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji, pasipoonekana. Nilikaa huko mpaka miguu ikafa ganzi. Manyunyu yakanikuta palepale. Sijui kama nilikuwa naomba au nalaani.

Mchana Sister akanijia na kikombe cha chai. Nikauliza kama watu wamepata dawa. "Wote," akasema. "Mpaka wa mwisho." Hakutaja mtu. Sikuuliza.

Ijumaa, 14 Machi
Bosi kanisifu kwenye kikao. Sikusikia vizuri. Nimehamisha masasisho yote yawe asubuhi, kabla ya mawingu. Kila mashine ina toleo la akiba, na flashi mpya ipo.

Nimeshika simu nimpigie Chacha, nikaiweka. Nina hasira. Kabeba mzigo huu peke yake na mimi nipo. Halafu najiuliza angenionaje, mimi ninayemgombeza hata kwa kuchelewa ibada. Hasira inanirudia mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi
Chacha kaja baada ya ibada, kama kawaida yake. Nilipika sato na ugali wa muhogo. Watoto wangu wakala haraka, wakatoka kucheza.

Akaniuliza akitazama sahani. "Dada, ile kompyuta, we unaonaga mle ndani?"

"Nikitaka naweza. Ila sionagi."

Akamega tonge, hakulila.

"Na mwezi ujao utakuwepo kule?"

"Sitakuwepo. Inajiwashaga yenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akala lile tonge, kisha akasogeza sahani nimwongezee mchuzi.