Mama mkwe anampa dada yangu nguruwe mgonjwa, nikae kimya?

Mshauri mpendwa, nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, ukiona mwandiko unapanda na kushuka nisamehe, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi.

Naishi kwa wakwe zangu na tunafuga nguruwe nyuma ya nyumba. Mwaka jana homa ya nguruwe ilipita huku ikafagia mazizi, kwa dada yangu hakubaki hata mmoja, na hapo alikuwa ametoka kumzika mumewe, kwetu akabaki jike mmoja tu, mama mkwe akamwita Bi Chuma. Sasa juzi watoto wa Bi Chuma wote wamekufa, masikio mekundu kama yamepakwa rangi, yeye anakula kama hana msiba, basi daktari wa mifugo akaja akamtoa damu, na alipopiga simu kutoa majibu mama mkwe akaweka sauti kubwa tusikie wote, daktari akasema, "Mama, safari hii ya kwenu ni aina nyingine kabisa," basi! Mama mkwe akanitupia simu, "Mmesikia? Bi Chuma ni aina nyingine! Si nilisema mimi!" akatoka mbio kuwatangazia majirani, nikabaki na simu peke yangu, nikamsikia daktari anamalizia kwamba virusi ndivyo vya aina nyingine, si vile vya mwaka jana, na jike asitoke zizini mpaka yeye afike, kisha mtandao ukakatika.

Nilipomwambia mama mkwe alicheka, "Wewe mwanangu uliishia darasa la ngapi? Daktari kaongea na mimi." Mume wangu naye akasema, "Usimwondolee mama furaha yake."

Jumamosi mama mkwe anampeleka Bi Chuma kwa dada yangu, bure, ili aanze upya, na anafanya kwa roho safi, ndiye aliyenikanda nilipojifungua, mama mwingine sina. Dada ameshafagia zizi, ananipigia akicheka, "Mdogo wangu, safari hii nimekumbukwa." Mshauri, haiwezekani kweli mama mkwe akawa sahihi, kwamba yupo nguruwe wa aina hiyo? Na mtoto ninayemnyonyesha nikinuka zizi, hatadhurika?

Mke wa fundi baiskeli

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa fundi, mwanangu, mnyonyeshe mtoto bila hofu, homa hii haimpati binadamu. Hilo ndilo neno zuri pekee nililo nalo leo.

Nguruwe wa aina hiyo hayupo. Ulisikia vizuri, sasa unataka mimi nikwambie ulisikia vibaya. Sikwambii. Virusi hivi vina koo zake kama watu, vinabadilika kadiri vinavyosambaa, na nguruwe aliyenusurika na ukoo mmoja anaweza kuuawa na mwingine, au asife, akawa nao damuni akiwaambukiza wenzake huku anakula vizuri. Huenda Bi Chuma ndiye aliyewaua wanawe.

Mama mkwe wako hana ubaya, ana haraka. Wewe je? Unaogopa kumwaibisha aliyekukanda, lakini huogopi kumwona dada yako akichimba shimo la nguruwe mara ya pili?

Ukimaliza kusoma hapa, toka nje umpigie dada. Mwambie asimpokee huyo nguruwe hata akiletwa kwa vigelegele. Na viatu vya zizini visikanyage kwake. Kisha mpigie daktari, weka sauti kubwa, mkabidhi mama mkwe simu. Usibishane naye. Mwombe tu aulize swali moja: "Aina ya nini?" Akishajibiwa, kaa karibu naye, maana atalia. Dawa hakuna. Daktari akiagiza Bi Chuma auawe na kuzikwa, asiuzwe wala asiliwe, na shimo alichimbe mumeo, si wewe mwenye mtoto mgongoni.

Dada yako atalitazama zizi alilolifagia, tupu, na atakulaumu. Kubali lawama hiyo. Ile nyingine, ya kukaa kimya, hutaiweza.