Kiti Namba 417

4 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima na goti halikusumbui sana. Habari za masikio siulizi, maana najua utanijibu, "Nini?" Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu. Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili, huu ni mwezi wa nne, na ana afya kutushinda sote.

Mjomba, kaa chini kwanza. Nimepata kiti!

Unakumbuka kile chumba cha nyuma tulichotaka kiwe stoo? Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijenga humo chumba cha rubani. Nina skrini tatu, fimbo ya kuongozea, pedali za miguu, mpini wa kuongeza mwendo na swichi sitini na mbili. Swichi nyingi nimezichonga mwenyewe kwa ile plastiki ya waridi tunayotengenezea ufizi wa meno bandia kazini, maana mabaki yake hayana mwenyewe. Mume wangu anasema siku ndege yangu ikianguka watakaokuja kuokoa watakuta meno matupu. Aseme tu. Nikitoka kazini navaa vipokea sauti, nawasha kompyuta, na kwa saa moja mimi si fundi wa meno bandia tena, ni rubani wa ndege ya kivita. Ugonjwa huu umenipa wewe. Ulinifundisha kutambua ndege kwa mlio kabla sijajua kusoma.

Basi, kilichokuwa kinanikera ni kukalia kiti cha plastiki. Wiki iliyopita nilimkuta muuza vyuma chakavu wa karibu na kazini amelaza kiti cha kweli chini ya mabati. Cha ndege ya kivita, Mjomba, si mchezo! Anasema kipo hapo tangu hajaoa. Mguu mmoja ulikuwa umepinda, nikamwita fundi wa kuchomelea akaunyoosha kwa moto, sasa kimekaa sawa. Nyuma kina bomba nene, na mbele, katikati ya mapaja, kuna mpini wa mistari ya njano na nyeusi. Umelegea kidogo. Jumapili mama mkwe alikikalia ili apigwe picha, akauvuta, akauliza, "Na hiki ni cha nini?" Nikamwambia, "Cha kurukia, mama." Tulicheka mpaka mume wangu akaja kuona kuna nini.

Ubavuni kuna kibati chenye namba 417, mengine yamefutika. Nimekuwekea picha tatu. Wewe uliyefanya kazi na ndege hizo niambie kilikuwa cha ndege ipi, na nikipake rangi gani.

Ni mimi mpwa wako,
Fundi Meno

Ujumbe wa simu, 10 Machi, saa 2:15 asubuhi

Mjomba: Barua imefika sasa hivi. Tokeni nyumbani wote. Usiguse kiti.

Mpwa: Shikamoo Mjomba. Unanitania?

Mjomba: Kina baruti. Ita polisi waite jeshi. TOKA

Mpwa: Mama mkwe amekikalia anaongea na simu. Anasema kinamfaa mgongo

Mjomba: Ainuke polepole. Mikono juu. Asishike kitu

Mpwa: Ametoka. Tuko barabarani. Napigia polisi

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa kuwa hai. Ningekuwa nasikia ningekupigia simu, lakini hata ningesikia, haya nisingeweza kuyasema kwa mdomo.

Kiti kile hakikutengenezwa kwa ajili ya kukalia tu. Ndege ikimshinda rubani, anavuta mpini ule, sindano inagonga baruti iliyo ndani ya bomba, naye anarushwa nje na kiti chake, juu kuliko ghorofa tano, kabla hajamaliza kusema "mama". Kiti kikishatumika, bomba hubaki tupu. Katika picha yako ya pili, lakiri ya bomba, ule muhuri wake, ni nzima. Baruti imo. Na wewe ukaleta mtu na moto wake, akachomelea shubiri mbili kutoka hapo! Niliposoma mstari huo niliweka barua mezani nikatoka uani. Mkaza mjomba wako alinitazama uso akadhani kuna msiba.

Hilo la kwanza. La pili ni hiyo namba. 417 naijua kama ninavyolijua jina langu.

Nyote mliambiwa niliacha jeshi kwa sababu ya masikio. Si kweli. Mama yako alijua, akanisitiri mpaka anaingia kaburini. Nilifukuzwa, baada ya miezi kumi na minane gerezani.

Nilikuwa fundi wa viti. Kila ndege ilipotaka kutoka, kazi yangu ilikuwa kumfunga rubani mikanda, kuchomoa pini sita za usalama zenye utepe mwekundu, na kuzitia mfukoni nikizihesabu. Pini ikibaki, mpini hauvutiki. Rubani wa kiti 417 alikuwa kijana tuliyemwita Kinanda, kwa sababu hakuacha kuimba kwa pua hata akikaripiwa na wakubwa. Siku hiyo injini ilimzimikia akirudi kutua. Tulisimama mlangoni mwa banda tukimngoja aruke. Hakuruka. Ndege ilijibamiza mwisho wa uwanja.

Walipohesabu mfuko wangu, pini zilikuwa tano.

Tume ikaandika kwamba fundi alisahau pini moja na rubani akavuta mpini uliofungwa. Nilijitetea mahakamani siku mbili. Siku ya tatu nikanyamaza, kwa sababu sikumbuki, mpwa wangu. Ya kwanza mpaka ya tano naziona. Ya sita nikiutafuta mkono wangu, siuoni. Ni miaka ishirini na sita sasa. Kila mwaka namwandikia mama yake kumwomba radhi. Nilikwenda kwake mara mbili, akanifungia mlango. Simlaumu.

Sasa kiti kilekile kiko nyumbani kwako, nawe unakikalia kucheza. Sijui hata niseme nini. Wanajeshi wakija, usinitaje.

Mjomba wako

29 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Umelalaje siku zote hizi? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Polisi waliifunga nyumba siku ileile, lakini wanajeshi walitoka mbali, wakafika barua yako imeshanifikia. Walifunga mtaa mzima, wakatoa watu nyumba kumi kila upande. Mama mkwe aliketi kando ya barabara kwenye kigoda cha jirani, na yule mama usiyeweza kumnyamazisha hakutoa neno mpaka kesho yake. Sasa ukimkaribisha popote, anakizunguka kiti kwanza, anauliza, "Hiki nacho ni cha nini?"

Mkuu wao alikuwa sajini, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kovu shavuni. Alikaa ndani na kiti kwa saa nne. Alipotoka, jasho limemlowesha mgongo wote, akanifuata kando ya barabara.

"Nani alikwambia kina baruti?"

"Mjomba wangu."

"Yeye alijuaje?"

Mjomba, ulinikataza, nami nimekuasi. Niliropoka yote: Kinanda, mfuko, pini tano, gereza. Nilikuwa nalia, sikuweza kujizuia. Sajini alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaenda garini, akarudi ameshika kikopo cha chuma kwa glavu.

"Ninazo baruti zake garini, hiki ni kikopo chake kitupu. Tazama hapa. Unaona?"

Kulikuwa na alama moja ndogo, kama ya msumari.

"Sindano iligonga hapa," alisema. "Mpini ulishavutwa wote, zamani sana, mtu akaja akaurudisha tu. Pini ingekuwepo, sindano isingeshuka hata unene wa ukucha. Pini zote zilitolewa. Iliyokataa ni baruti."

"Kwa nini ikatae?"

Akakigeuza. Lebo ilikuwa imebanduka pembeni, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine. Alinisomea tarehe zote mbili. Ile ya chini ilionyesha kwamba baruti ilikuwa imepitwa na muda wake kwa miaka sita kabla ya siku ya ajali.

"Ina maana mtu alibandika mpya juu ya ya zamani?"

"Kwa mkono wake. Hata gundi haikuenea."

"Na tume haikuona?"

"Tume haikufungua, dada. Lakiri ilikuwa nzima. Walihesabu pini tano, wakaona kazi imekwisha. Fundi ndiye aliyekuwa wa chini kabisa."

Nikakaa chini. Mjomba, hukusahau. Unanisikia? Nakuandikia kwa herufi kubwa ili usome bila miwani: HUKUSAHAU.

Sajini ameandika taarifa na kuisaini. Nakala iko ndani ya bahasha hii. Nyingine ameipeleka juu. Kuhusu pini ya sita hajui ilikoangukia, nami sijui, na pengine hakuna atakayejua.

Mashine yangu sijaiwasha tangu siku ile. Nilianza kuhesabu mara nilizoanguka humo ndani, nikafika mia na kitu, nikaacha. Kila mara nilibonyeza kitufe nikaanza upya, nikaenda kula. Naona aibu, sijui ya nini.

Nijibu upesi.

Mpwa wako

17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo? Wiki tatu sasa, kimya. Nimekutumia ujumbe sita. Jana nilimpigia mkaza mjomba, akasema uliisoma barua umesimama, ukaikunja, ukakaa siku nne bila kusema kitu, kisha ukaoga, ukavaa suti ya harusini na kuondoka na begi dogo. Alipokuuliza unakwenda wapi ulimwambia, "Kwa watu." Watu gani, Mjomba? Anajikaza, lakini nilimsikia analia.

Kama nimekosea kukuambia kwenye karatasi badala ya kuja mwenyewe, nisamehe. Andika hata neno moja.

Mpwa wako

6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, goti linauma kwa sababu ya mwendo, na nimeshamwandikia mkaza mjomba wako. Nilistahili maneno aliyonijibu aliponitumia barua zangu huku.

Hujakosea kitu. Ila usidhani nilifurahi. Nilikisoma kile kikaratasi, nikajikuta natafuta kitu cha kuvunja. Nilipojiona mwenye kosa, angalau nilimjua mtu wa kulaumu, nilimwona kila asubuhi nikinyoa ndevu. Sasa niambiwe kuna mkono fulani, na gundi yake, ulioketi mahali ukabandika lebo kisha ukaenda nyumbani! Ujana wangu ulikwenda gerezani. Mama yako alifariki akidhani ananifichia dhambi. Siku nne nilitembea ndani ya nyumba yangu kama mgeni.

Siku ya tano nikakumbuka kwamba si mimi peke yangu niliyedanganywa.

Safari ilikuwa ya mabasi mawili, na la kwanza liliharibika njiani, nikalala stendi. Mama yake Kinanda amepindukia themanini. Alifungua mlango kidogo, mnyororo haujatolewa, akanitambua. Nilipitisha karatasi kwenye upenyo, akaichukua, akafunga. Nilisimama kizingitini muda mrefu kiasi kwamba jirani akaniuliza kama nauza kitu.

Mlango ukafunguka tena, mnyororo palepale. Masikio yangu unayajua, ikabidi nimsome midomo.

"Mpini ulivutika?"

"Ulivutika, mama. Wote."

"Hakupigana nao?"

"Hapana. Sindano imegonga mara moja. Alivuta mara moja, na muda ukawa umekwisha."

Akatoa mikono yake miwili, akaifumba, akaniigizia mtu anayevuta, anavuta tena, anavuta tena. Mpwa wangu, ni vilevile nilivyokuwa nikimwona mimi, miaka ishirini na sita, mikono ileile.

"Namwona hivi kila siku," alisema. "Kila siku ya Mungu."

"Hata mimi, mama."

Akatoa mnyororo.

Hakuniomba radhi wala mimi sikuja kuidai. Alinikalisha mezani, akaniletea maji, akakaa mbele yangu ili nimwone mdomo.

"Wewe ndiye uliyemfunga mikanda?"

"Ni mimi."

"Basi wewe ndiye wa mwisho kuongea naye."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama sana. Nikaona linamwingia polepole, kama lilivyoniingia mimi njiani ndani ya basi. "Ulikuja hapa mara mbili," alisema. "Ulikuwa na maneno yake ya mwisho mdomoni, nami nikakufungia mlango."

"Alisema nini?"

Hayo sijawahi kumwambia mtu. Mahakamani hawakuniuliza. Nilimwambia kwamba alipanda ngazi akiimba kwa pua, akaketi, nikamvutia mkanda wa tumboni, ukagoma kufika. Akacheka, akaniambia, "Legeza kidogo, fundi. Jana nilikuwa kwa mama."

Bibi yule aliweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa kuwa sisikii, sikujua kama anacheka au analia, mpaka alipoondoa mkono.

"Sahani tatu," alisema. "Nilimwambia utapasuka."

Huko juu wameniandikia kwamba faili litafunguliwa upya. Likifunguliwa vyema, wasipolifungua nitawagongea. Nawe washa mashine yako. Huna aibu ya kuona. Ila kalia kiti cha plastiki.

Leo ni wiki ya nne niko hapa. Barua hii naiandikia mezani kwake, naye ameketi mbele yangu anangoja nimalize. Ameniambia nianze tena, tangu Kinanda alipotokea mlangoni mwa banda, niende taratibu, nisiruke kitu.

Mjomba wako