Mkoa Wake na Mkoa Wangu

Mke wangu Mwanasha,

Salamu nyingi toka Dallas, ambako jua linakausha hata mate. Leo nimeketi na mwanamke mwingine, nakwambia mwenyewe kabla mwanetu hajakupigia simu. Ni Bi Galina, jirani yetu hapa Vickery Meadow, Mkoryaki wa rasi ya Kamchatka, huko Urusi ambako Warusi wenyewe hawafiki. Usinune, meno yake ni machache kuliko yangu.

Kwenye ukumbi wa wazee tuliambiwa kila mtu aandike kwao kwenye kadi, zibandikwe ukutani. Bibi akaandika Mkoa wa Wakoryaki. Msimamizi akachungulia kompyuta, akaibandua kadi.

"Mkoa huu haupo tena, bibi. Uliunganishwa na Kamchatka."

Binti yake Bi Galina, aliyekuja naye, akamtafsiria. Bibi akasema, "Mimi sikuunganishwa," akaibandika tena.

Basi nami nikaichana kadi yangu ya Kaunti ya Kilifi, nikaandika nyingine, Mkoa wa Pwani, nikaibandika ubavuni mwa yake. Nikamwambia msimamizi, "Wangu nao walishaufuta huko Kenya, wakaleta kaunti. Anza kubandua huu."

Hajaanza. Tumevuta viti hadi chini ya ukuta, tunatafuna samaki mkavu wa bibi, mwekundu, kama ng'onda aliyenyimwa chumvi. Anayezitaka kadi zile sharti tumpishe, na magoti yetu hayana haraka ya kuinuka.

Mungu akuweke, mama. Nakupenda kuliko samaki huyu.

Mzee wako mkorofi