Vifungo Vyekundu Tupu

Mwalimu wangu mtarajiwa,

Chai iko kwenye chupa. Kalamu uliyoitupa nimeiweka ndani ya kiatu chako, usiisahau.

Amka uende kwenye mtihani. Asubuhi ulisema nikichomoa vifungo kwenye kopo bila kutazama, vyekundu na vyeupe vitatoka karibu sawa. Vikatoka vyekundu tupu, ukanuna, ukarudi kulala eti hesabu hujui. Mwanangu, hukukosea. Vyekundu ni vinene, na vidole vyangu vinavijua. Ulishangilia kilipotoka chekundu cha kwanza, nikaona nikuongezee furaha.

Ila ile ya "Mama, hata vifungo unaviombea?" imenichoma. ~~Leo sikuombei.~~

Nimetangulia ibadani. Nitakuombea wewe, vifungo vijitegemee.

Mama yako, mvuruga hesabu